Jinsi ya kuangalia spidwei kwenye TV wakati kamera inaangalia kwingine

Hiti moja, yani mbio moja, ya spidwei, mchezo wa pikipiki kwenye uwanja wa udongo, inaisha ndani ya dakika moja hivi. Maraida (waendeshaji) wanne, mizunguko minne, wanakata kushoto tu, pikipiki ya cc 500 silinda moja, gia moja, breki hakuna kabisa, mafuta methanoli. Utepe wa kuanzia unaruka, sekunde kama sitini baadae imeisha, alafu unakaa dakika kadhaa kusubiri nyingine. Na hapo ndo TV inapokuangusha, kwa sababu hizo dakika za kusubiri ndo zimebeba majibu yote ya ile dakika moja, wao wanazijaza matangazo, mahojiano na jamaa ambae bado anahema, na riplei ya tatu ya kona uliyoiona vizuri tu mara ya kwanza. Nimeufuata huu mchezo miaka mingi sana, sehemu kubwa nikiwa mbele ya skrini na sio uwanjani, na msimamo wangu ni kwamba ukiangalia kile tu unachoonyeshwa utaona mtu mmoja katangulia na watatu wanakula vumbi, utasema hamna kitu hapa, utahamisha chaneli. Kwahiyo haya nayoandika ni namna ya kupata mechi nzima hata kama mtu wa kamera ana mambo yake.

Kwanza jua unaangalia nini. Kuna ligi na kuna mashindano ya mtu mmoja mmoja. Ligi ni timu mbili, hiti 15, kila hiti mshindi anapata 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anaondoka mikono mitupu. Piga hesabu, hiti moja ina pointi 6, hiti 15 ni pointi 90, kwahiyo timu ikifika 46 mechi imekwisha hata kama bado wanakimbia. Grand Prix ndo ya ubingwa wa dunia, ilianza 1995, kabla ya hapo ubingwa kwa kawaida ulikuwa unaamuliwa usiku mmoja tu kwenye fainali, utaratibu ulioanza Wembley 1936. Kwenye Grand Prix kila raida anakimbia hiti tano, jumla 20, alafu inakuja michujo na fainali ya watu wanne.

Kama ndo unaanza, anza na ligi ya Poland. Sio kwamba Grand Prix mbaya, ila Poland ndo hela ilipo, maraida wakubwa karibu wote wako pale, uwanja unajaa, na kamera zao kwa mtazamo wangu zimewekwa na watu wanaoujua mchezo. Wiki ya spidwei imepangwa vizuri tu ukiizoea: Uingereza ni jumatatu na alhamisi, Sweden jumanne, Denmark jumatano, Poland ijumaa na jumapili, Grand Prix jumamosi. Ndo maana utamkuta raida yule yule yuko kwenye nchi tatu ndani ya wiki moja, amechoka, na mtangazaji hasemi, anashangaa tu "leo hayuko vizuri". Angalia ratiba yake ya siku mbili nyuma utapata jibu mwenyewe. Haki za kuonyesha zinauzwa nchi kwa nchi kwahiyo chaneli siwezi kukutajia, Uingereza wenyewe wana huduma yao ya kustrimu, British Speedway Network, kwingine utatafuta kulingana na ulipo.

Ukishapata pa kuangalia, zima notifikesheni za matokeo kwenye simu. Hili nasema kwa uchungu. Strimu inakuja nyuma ya uwanja kwa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika na zaidi, na hiti yenyewe ni dakika moja, kwahiyo simu itakutajia mshindi wakati kwako ndo kwanza wanaingia kona ya pili.

Alafu chukua karatasi na kalamu. Najua inaonekana ya kizamani ila waulize watu wanaokaa jukwaani Leszno au Toruń kule Poland, wanajaza programu yao hiti kwa hiti hadi leo, na sababu ni kwamba grafiki za TV zinakaa sekunde mbili na zinapotea. Wewe andika vitu vinne tu kwa kila hiti: namba ya hiti, nani kashinda, alikuwa geti (nafasi ya kuanzia kwenye mstari) namba ngapi, na muda. Hayo mawili ya mwisho ndo dhahabu, nitarudi kwayo.

Na ujifunze kusoma matokeo yalivyoandikwa maana ukisoma ya Poland utakutana na kitu kama 10+1 (3,2*,1,3,1). Maana yake pointi kumi kwenye hiti tano, na ile nyota ni bonasi, yani hiyo hiti alimaliza nyuma tu ya mwenzake wa timu moja. Bonasi haiongezi chochote kwenye ubao wa timu, inamhesabia raida mwenyewe, sababu huwezi kumuadhibu mtu kwa kuwa hakumshambulia mwenzake. Herufi nazo: w katolewa na refa, t kagusa utepe, d pikipiki imekufa, u kaanguka. Ukiona mtu ana 2,d,3,d usiseme hana kiwango, ana shida ya injini.

Sasa tuje kwenye geti. Wakati TV inakupa riplei, maraida wanne wamefika kwenye mstari na wanaparua udongo kwa buti kama kuku. Wana dakika mbili, saa ikiisha aliechelewa anatolewa. Mguu wa kushoto una kiatu cha chuma, huo ndo wanaoteleza nao kwenye kona, na pale getini wanautumia kuchimba kijifereji cha tairi la nyuma. Kila hiti inayoondoka inafukua udongo wa lile geti, kwahiyo hiti ya tatu baada ya trekta la kusawazisha udongo kupita geti fulani linakuwa limebaki gumu linang'aa, tairi likiwekwa pale linazunguka bure, na jirani yake sentimita chache pembeni bado kuna udongo laini unaoshika. Ndo maana utamuona raida anaangalia chini, anasogea kidogo kushoto, anarudi, anakanyaga tena. Kamera ikikuonyesha hilo hata sekunde tano, achana na uso wake angalia buti. Akihangaika sana hajapata pa kuweka tairi, na mara nyingi utepe ukiruka utamuona nyuma nusu pikipiki.

Wakishajipanga, macho yako yaende kwenye tairi za mbele zote nne, usimuangalie unaempenda. Refa ndo anaachia utepe na hakuna anaejua ataachia lini, ila kila raida anajaribu kumvizia. Tairi la mbele likicheza mbele sentimita chache kabla ya utepe, huyo anavizia. Akisogea waziwazi anapewa onyo na wanarudia, onyo la pili mechi ile ile anatolewa kwenye hiti. Akigusa utepe hakuna mjadala, kaondoka, kwenye ligi kuna namna ya kumuweka wa akiba na Uingereza wana utaratibu wa kumrudisha nyuma mita 15. Hapa TV wanafanya vizuri kweli, zile slomo za utepe ni kitu ambacho ukiwa jukwaani huwezi kukiona. Pa kusifia nasifia.

Kwenye ligi kofia inakwambia timu: nyekundu na bluu ni wenyeji, nyeupe na njano wageni, kwa Poland hivo. Geti namba 1 ni la ndani, 4 la nje. Ukijua hayo mawili unaweza kuangalia kona ya kwanza na ukaelewa, ambapo mtu mgeni anaona matope tu.

Kona ya kwanza. Ushauri wangu, na huu nakupa kwa moyo wote, usimuangalie alietangulia. Kamera itamfuata yeye, haiwezi kujizuia. Wewe muangalie wa geti la 2 na la 3, hao wa katikati. Wa geti la 1 anataka kubaki ndani, wa la 4 anataka kuzunguka nje kwa kasi, wa katikati ndo lazima waamue, na uamuzi wao unaharibu au kutengeneza hiti ya wengine wote. Kwenye ligi raida mzuri wa geti la 3 atapanuka kidogo makusudi, anamsukuma mpinzani wa la 4 kuelekea ukuta ili mwenzake wa geti la 1 apate nafasi ya kupumua. Hapo hajagusa mtu na hajavunja sheria yoyote, na timu yake inaondoka na 5 kwa 1. Mtangazaji atasifia alieshinda, ila kazi kafanya wa pili. Ukikosa kuiona live isubiri kwenye riplei, ila omba watumie ile kamera ya juu. Wakikuletea ile ya kwenye kofia umekwisha.

Maana hizi kamera za kwenye pikipiki na kofia, na siku hizi droni, ni nzuri kwa kutengeneza video fupi ya sekunde kumi. Kwa kuangalia mbio hazifai. Ukiwa ndani ya kofia ya raida wa kwanza unaona njia tupu mbele, yani unaona sehemu pekee ya uwanja ambapo hakuna kinachoendelea! Picha bora ya spidwei ni ile ya kizamani, kamera iko juu kwenye jukwaa usawa wa mstari wa kumalizia, imefunguka, wote wanne wanaonekana pamoja na ukuta wa nje. Na shida kubwa kuliko zote, mzunguko wa tatu kiongozi akishakuwa na mita kumi na tano wanaendelea kumng'ang'ania yeye peke yake, wakati wa pili na wa tatu wanapigana bega kwa bega, na hiyo pointi moja kati ya 2 na 1 ndo inaweza kuamua mechi ya 46 kwa 44. Ukiona wamemng'ang'ania, angalia upande wa skrini ulio nyuma yake kila anapotoka kona, kwa nusu sekunde wanaomfuata wanaingia kwenye fremu. Kwa hiyo nusu sekunde unaweza kuhesabu kofia.

Sasa udongo, na hapa nitakaa kidogo maana asilimia kubwa ya watu wanaosema spidwei inachosha hawajawahi kuambiwa hili. Uwanja wa hiti ya kwanza sio uwanja wa hiti ya kumi. Kila pikipiki inayopita kwenye kona inasukuma udongo kuelekea nje. Mwanzoni udongo umesambaa sawa, njia fupi ya ndani ndo ina kasi, geti la 1 linashinda. Baada ya hiti kadhaa ndani pamebaki pagumu panateleza, udongo wote umejikusanya mita chache kutoka ukutani, na pale nje ndo pana mshiko. Anaezunguka nje anasafiri mbali zaidi ila tairi lake linashika, anatoka kona ana kasi kumzidi wa ndani. Kila baada ya hiti tatu au nne trekta zinaingia kuurudisha udongo ndani na boza linamwaga maji, na mzunguko unaanza upya. Wakati huo TV inaenda tangazo. Kila mara.

Kwahiyo ile karatasi yako inafanya kazi hapa. Ukiona washindi watatu mfululizo wametoka geti la 1 na la 2, ndani bado pako hai. Ghafla akashinda wa la 4, au mtu akapita wengine kwa nje, ujue udongo umehama na wale waliobaki kung'ang'ania ndani wanakula hasara. Na muda nao: hiti za mwanzo kwa kawaida ndo zenye muda mzuri, muda ukianza kupanda kwa sekunde nzima uwanja umekauka au umefukuliwa. Boza likimwaga maji mengi kupita kiasi hiti inayofuata utaona tairi la mbele linanyanyuka katikati ya kona, pikipiki imekutana na mshiko ambao raida hakuutegemea, inamvuta moja kwa moja kuelekea ukutani. Pikipiki ina kilo 77 kwa uchache na nguvu ya kutisha, ikiamua kunyooka inanyooka.

Hili la tairi la mbele lijue vizuri. Kwenye kona limegeukia kulia wakati pikipiki inakwenda kushoto, hiyo ndo kuteleza. Lile la nyuma likishashika, la mbele linanyooka, na kuanzia sekunde hiyo raida anapata mwendo. Ukitaka kujua nani atampita nani, usipime umbali kati yao, angalia nani tairi lake linanyooka mapema anapotoka kona ya pili. Alie nyuma akinyoosha mapema, shambulio litakuja kona ya tatu, karibu kila mara. Bartosz Zmarzlik, raida wa Poland, ndo mfano wa kujifunzia, huyu bwana anaweza kuingia kona yuko wa tatu, akaonekana kapoteza kwa kupanuka sana nje, alafu akatoka ana kasi mpaka unadhani wenzake wamefunga gesi. Ubingwa wa dunia mara sita haupatikani hivi hivi, kawafikia mabingwa wa zamani Ivan Mauger na Tony Rickardsson. Taji la sita, 2025 pale Vojens, Denmark, lilipatikana kwa tofauti ya pointi moja tu na Brady Kurtz, na Kurtz ndie alieshinda fainali ya usiku ule. Itafute hiyo fainali, irudie mara mbili, mara ya kwanza muangalie Kurtz, mara ya pili usimtoe macho Zmarzlik.

Kwenye piti, wanapotengenezea pikipiki, napo, kama kamera ikipita usisikilize mahojiano, angalia nyuma ya anaehojiwa. Fundi anafungua spoketi, lile gurudumu la meno la mnyororo? Wanabadilisha uwiano wa gia kwa ajili ya udongo. Wamevuta pikipiki ya pili? Injini ya kwanza haiko sawa au haipendi uwanja. Raida anaweza kusema "kila kitu kiko poa" huku nyuma yake watu wawili wanahangaika na kabureta.

Kuhusu watangazaji, mimi sauti zao huwa napunguza. Sizimi kabisa, napunguza, maana nataka kusikia injini, ikizama ghafla katikati ya kona raida kafunga gesi, kaogopa au kazibiwa njia, na hiyo picha inaweza isikuonyeshe. Kinachoniudhi zaidi ni kutokusema ukweli kuhusu uwanja mbovu. Kwa Grand Prix ninaelewa kidogo kwanini, 2022 walioichukua kuiendesha ni Discovery, kampuni ya TV, baada ya miaka ya kampuni ya BSI, na mwenye sherehe akiwa ndie mwenye kamera nani atasema chakula kibaya? Ila huo ugonjwa haukuanza nao. Warsaw 2015, uwanja wa taifa, umati mkubwa, udongo wa kumwagwa kwa ajili ya usiku mmoja, mashine ya utepe ikagoma, uwanja ukafumuka, mashindano yakakatishwa baada ya hiti 12 na Matej Žagar akatangazwa mshindi. Siku kama ile mchambuzi aliewahi kupanda pikipiki ndo anatakiwa aachiwe maiki aongee, wengine wanyamaze. Viwanja vya muda nawashauri wageni wavichukulie kwa tahadhari. Cardiff, ilikokuwa Grand Prix ya Uingereza hadi 2024, paa likifungwa ile kelele ilikuwa inabaki ndani, lilikuwa tukio la kuhudhuria kabla hujafa, ila kwa mbio zenye kupitana naipa kura Vojens au Toruń kuliko udongo wa kumwagwa popote pale.

Taa nyekundu zikiwaka hiti imesimamishwa, mara nyingi mtu kaanguka. Usikimbilie kulaumu, subiri. Ikiwa ni kona ya kwanza na wamegongana bila wa kumlaumu, refa anawarudisha wote wanne. Ikiwa kuna mkosaji anatolewa na wanarudia watatu, hata kama alieanguka sio yeye. Angalia riplei ukijiuliza swali moja, nani alikuwa wa mwisho kubadilisha mstari wake? Huyo ndo refa anamtafuta. Na wakati huo wa kusubiri waliobaki wanarudi piti, wanapata dakika za kubadilisha kitu, kwahiyo aliekuwa anaongoza kwa mbali anaweza kurudi akapigwa vizuri tu. Sio bahati mbaya hiyo, wenzake wamemuona alivyoondoka.

Zikibaki hiti mbili kwenye ligi ya Poland, ya 14 na ya 15, weka simu pembeni. Hizo kocha anachagua mwenyewe nani akimbie kutokana na walivyofanya usiku huo, na hapo karatasi yako itakuwa inajua zaidi ya mtangazaji: nani anashinda kwa nje, nani pikipiki imemfia, nani hajapata geti zuri usiku mzima ila kila mara anatoka wa nne na kumaliza wa pili. Mimi huyo wa mwisho ndo ningemchagua. Makocha wengi wanachagua jina.